Lev Yachine, mutoto wa kiwanda mwenye alilinda goli

Leo tunawaletea maisha ya Lev Yachine. Wazee wenye walikuwa na radio katika miaka ya 1960 wanajua ile jina. Vijana wanaisikia paka siku ya Ballon d'Or, wakati kipa wa kwanza wa mwaka anapewa kombe lenye linaitwa Yachine. Watu wengi wanajua kwamba alivaa nguo nyeusi, na kwamba alikuwa mulinzi mukubwa wa goli. Wachache njo wanajua kwamba alianza kazi ya kiwanda na miaka 13, na kwamba watu wa muji wake mwenyewe walimuvunjia madirisha ya nyumba juu ya mechi yenye hata hawakuiona. Ile njo tunataka kuelezea vizuri, juu sisi wa inchi ya migodi tunajua kazi inafanya nini ku mwili wa mutu, na tunajua namna mutu mumoja anaweza kubebeshwa kosa la wote.

Mashine mbele ya mupira

Lev Ivanovitch Yachine alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1929 ku Moscou, muji mukubwa wa Urusi, wakati ile inchi ilikuwa ndani ya URSS. Baba yake Ivan alikuwa fundi wa vyuma katika kiwanda cha ndege. Mama yake alikuwa pia mufanyakazi wa kiwanda, lakini alikufa wakati Lev alikuwa angali mutoto mudogo. Baba akaoa bibi mwengine, na ule mama akamulea yule mutoto. Watoto wa ile kartie walicheza mupira kati ya nyumba wakati wa joto. Wakati wa theluji, walicheza hockey, ni kusema mchezo wa kuteleza juu ya barafu na fimbo mukononi. Lev alipenda yote mbili, na ku mupira alipenda kucheza mbele, kupiga mabao. Hakuna mutoto mwenye anazaliwa na mapenzi ya kusimama kwenye goli.

Mwaka wa 1941 Ujerumani ikashambulia URSS. Viwanda vya silaha vya Moscou vikahamishwa mbali: mashine, wafanyakazi, wake zao na watoto, vyote juu ya treni. Familia ya Yachine ikapelekwa upande wa Oulianovsk, karibu na muto Volga. Pale kiwanda kikasimamishwa tena katika baridi kali. Vijana wenye nguvu walikuwa ku vita, na mashine zilibakia na wanawake, wazee na watoto. Mwaka wa 1943, Lev akaingia kiwandani kujifunza kazi ya baba yake. Alikuwa na miaka 13. Alipewa karte ya mufanyakazi, yenye iliongeza mukate nyumbani, na ku wakati wa njaa ile karte ilikuwa kitu kikubwa kuliko mushara. Kwenye kiwanda njo alianza pia kuvuta tumbako, sawa vile mafundi wakubwa walivuta. Wenye kusoma wasisahau ile tumbako. Tutaikuta tena huko mwisho.

Mwaka wa 1944 familia ikarudia Moscou. Kisha vita kuisha, serikali ikamupa medali ya kazi, na alikuwa hata hajafika miaka 17. Aliendelea na kiwanda. Alitoka nyumbani asubuhi mapema, akivuka muji mukubwa kufika kazini, na akarudia usiku. Kati ya kazi na usingizi aliongeza kitu kimoja: mupira. Kila kiwanda kikubwa cha ile inchi kilikuwa na ekipe yake, sawa vile kampuni za kwetu zilikuwa na ekipe za kambi. Kocha wa ekipe ya kiwanda akaangalia urefu wa ule kijana, akamuonyesha goli. Lev hakufurahi, lakini hakukataa. Ni vile alikuwa kipa: si kwa kuchagua, ni kwa kutumwa.

Na miaka 18, mwili wake ukakataa. Alikuwa na miaka tano ya kiwanda kwenye mabega, tangu utoto, bila kupumzika vizuri. Akaanza kukasirika bure, kila kitu kikamuchosha, hata watu wenye aliwapenda. Siku moja hakuenda kazini. Siku ya pili vilevile. Akatoka nyumbani kwa baba yake, akaenda kulala kwa rafiki. Leo munganga angesema ni ugonjwa wa kuchoka kwa akili. Wakati wa Staline, kuacha kazi bila ruhusa kulikuwa kosa la sheria, na mutu aliweza kufungwa juu yake. Marafiki wakamupa shauri la kujiandikisha jeshi bila kungojea. Akafanya vile, na jeshi likamuokoa. Pale alicheza mupira na wenzake, na pale njo Arkadi Tchernychev, kocha wa vijana wa Dynamo Moscou, alimuona.

Mwanzo mubaya

Dynamo ilikuwa ekipe ya wizara ya mambo ya ndani, moja kati ya ekipe kubwa za URSS. Kipa wake wa kwanza alikuwa Alexei Khomitch, mwenye watu walimuita Tigre, mutu mwenye jina tangu mwaka wa 1945, wakati Dynamo ilienda kucheza Uingereza. Yachine akawekwa nyuma yake, kijana kati ya vijana.

Mwaka wa 1950 akapewa nafasi. Ilikuwa mechi ya matayarisho, na ekipe ya Stalingrad. Kipa wa upande mwengine akapiga mupira mbali, upepo ukaubeba. Yachine akatoka kuukamata macho juu, akagongana na beki wake, na mupira ukaingia. Bao kutoka kwa kipa kwenda kwa kipa! Wakubwa wa Dynamo wakacheka mpaka machozi. Ku mwezi wa 7 wa ule mwaka, Khomitch akaumia katika mechi ya ubingwa na Spartak, na Yachine akaingia. Dynamo ilikuwa mbele na bao moja. Mupira wa juu ukakuja, kijana akatoka, akagongana tena na mwenzake, Spartak ikasawazisha. Mechi yenye ilifuata ku Tbilissi, akafungwa mabao ine. Dynamo ilishinda 5 kwa 4, lakini wakubwa walikuwa wameona ya kutosha. Yachine akarudishwa kwa vijana. Miaka zaidi ya mbili, hakucheza mechi moja ya ubingwa.

Hapa tunaomba tusimame kidogo. Ile saa, ekipe ingeweza kumufukuza. Hakuna mutu angelia. Lakini Dynamo ilikuwa na ngazi: vijana, kisha ekipe ya pili, kisha ekipe kubwa, na mutu mwenye alianguka ku ngazi moja alirudia ku ile ya chini bila kutupwa inje. Tchernychev alikuwa pia kocha wa hockey, akamuweka Yachine kwenye goli la hockey, pale kitu kidogo kigumu kinakuja mbio kuliko mupira. Mikono yake na macho yake vikafundwa pale. Mwaka wa 1953 akashinda Kombe la URSS la hockey, na walikuwa wanamufikiria kwa ekipe ya taifa ya ule mchezo. Na Khomitch, hata kama alijua kwamba yule kijana atakamata nafasi yake, hakumufichia kazi. Alimufundisha kila siku kisha mazoezi ya wote, sawa vile fundi wa zamani anamuonyesha kijana mupya namna ya kusikiliza mwamba mbele ya kuupiga.

Mwaka ule wa 1953 Yachine akarudia kwenye goli la Dynamo. Hakutoka tena mpaka mwaka wa 1970.

Namna alibadilisha kazi

Zamani kipa alikuwa mutu wa kungojea. Alisimama ku mustari wake, mupira ukakuja, akaruka. Yachine alikuwa murefu, karibu metre moja na 89, lakini nguvu yake haikuwa paka ku kuruka. Alitoka. Aliona hatari mbele ya kufika, akaenda kuikutana huko mbali, hata inje ya eneo lake, na muguu, pengine na kichwa. Watu wa kwanza wenye waliona vile walifikiri ni wazimu. Yeye alihesabu kwamba mupira wenye kukamatwa mbali hauwezi kuwa bao.

Tena alisema. Tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho alipiga kelele kwa mabeki wake, akimuita huyu kwa jina, akimuonyesha yule mutu wa kufunga, kama kapita mwenye anaangalia mulango wa shimo na anajua kila mutu iko wapi. Wamoja walichoka na ile kelele. Hata bibi yake Valentina alimuambia kwamba sauti yake inasikika sana kiwanjani. Lakini mabeki walijua kwamba nyuma yao kuko macho.

Na wakati alikamata mupira, hakuupiga ovyo juu. Aliutupa na mukono, mbio, kwa mwenzake mwenye alikuwa na nafasi. Ni kusema, kwake kazi ya kushambulia ilianza ku kipa. Vitu vyenye leo makocha wanafundisha watoto kama sheria, yeye alivifanya wakati havikukuwa sheria ya mutu. Nguo zake zilikuwa nyeusi ama bluu nzito, na kofia ku kichwa. Ku Ulaya wakamuita Buibui Mweusi, juu mikono yake ilionekana mingi.

Ekipe ya taifa ikamuita tarehe 8 Septemba 1954, wakati URSS ilifunga Suède 7 kwa 0. Mwaka wa 1956 wakapata medali ya zahabu ya michezo ya Olimpiki ku Melbourne, kisha kufunga Yugoslavia 1 kwa 0. Mwaka wa 1958 URSS ikaenda ku Kombe la Dunia mara ya kwanza, na ikafika robo fainali. Tarehe 10 Julai 1960, ku Paris, wakakuwa mabingwa wa kwanza wa Ulaya, tena mbele ya Yugoslavia, 2 kwa 1 kisha dakika za kuongeza. Mutoto wa kiwanda alikuwa amefika juu kabisa.

Arica

Mwaka wa 1962 Kombe la Dunia lilichezwa Chile. Tarehe 3 Juni, ku muji wa Arica, URSS ilikuwa inaongoza Colombia 4 kwa 1. Kisha Marcos Coll akapiga kona, beki mwenye alisimama ku muti wa karibu akauacha mupira upite, na ukaingia moja kwa moja. Mpaka leo ni bao moja tu la kona ya moja kwa moja katika historia ya Kombe la Dunia la wanaume. Mechi ikaisha 4 kwa 4. URSS ikapita ku robo fainali hata vile, lakini tarehe 10 Juni Chile, wenye inchi, wakawafunga 2 kwa 1. Mabao yote mbili yalipigwa kutoka mbali.

Ku URSS hakuna mutu aliona ile mechi. Hakukukuwa picha ya televizyo kutoka Chile. Watu walisoma magazeti, na magazeti yakasema kwamba kosa ni la Yachine, kwamba amezeeka. Hawakuelezea kwamba mabeki walilala, wala kwamba washambuliaji walikosa. Watu kumi na moja walishindwa, jina moja likaandikwa.

Wakati alirudia Moscou, alikuta madirisha ya nyumba yake yamevunjwa na gari lake limechorwa matusi. Ku kiwanja, kila mara aligusa mupira, watu walipiga filimbi. Walimutuma pensheni. Alikuwa na miaka 32. Yeye mwenye alibeba vyuma na miaka 13 ili inchi ishinde vita, akawa adui kwa sababu ya gazeti.

Sisi wa Katanga tusiseme kwamba ile ni mambo ya Wazungu. Tunamukumbuka Kazadi Mwamba wa Mazembe. Mwezi wa 3 wa mwaka wa 1974 alikuwa bingwa wa Afrika na Léopards. Tarehe 18 Juni ya ule mwaka, ku Gelsenkirchen, Yugoslavia ikamufunga mabao tatu, na mbele dakika 25 zipite kocha akamutoa. Kisha yeye kutoka, zingine sita zikaingia. Ni wangapi kati yetu walikuwa wanahesabu vizuri kwamba sita hazikukuwa zake? Kipa ni kama mutu mwenye anawasha baruti: wakati kazi inaenda, hakuna mwenye anamutaja; siku inaharibika, wote wanajua jina lake.

Kurudia

Yachine akataka kuacha. Dynamo ikamuruhusu kupumzika mbali na kiwanja. Alienda kuvua samaki, kazi yenye aliipenda sana, saa nyingi bila kusema na mutu. Hakuandika ku magazeti kujitetea, na hakumushitaki beki wa Arica. Kisha wiki kadiri akaanza kuja tena ku mazoezi, kwanza na ekipe ya pili. Alirudia ku ngazi ya chini, sawa mwaka wa 1950, na akapanda tena.

Mwaka wa 1963 ukakuwa mwaka wake. Dynamo ikakamata ubingwa wa URSS, na katika mechi nyingi za Yachine hakuna mupira uliingia. Tarehe 23 Oktoba 1963 Uingereza ilifanya sikukuu ya miaka 100 ya shirikisho lake la mupira, ku Wembley, na wachezaji wa dunia nzima wakachaguliwa kucheza nayo. Kipa wa kwanza wa ile ekipe ya dunia alikuwa Yachine. Alicheza nusu ya kwanza, hakufungwa hata bao moja; wakati alikuwa ametoka, Uingereza ikashinda 2 kwa 1. Ile mechi ilionekana ku televizyo ya Moscou. Mara hii watu waliangalia na macho yao wenyewe. Mwezi wa 11, ku Roma, akakamata penalti ya Sandro Mazzola wa Italia. Mwisho wa mwaka akapewa Ballon d'Or. Mpaka leo, ku wanaume, hakuna kipa mwengine mwenye alishaipata.

Filimbi zikaisha. Hakuna mwenye alikuja kulipa madirisha.

Mwaka wa 1966, ku Uingereza, aliongoza URSS mpaka nusu fainali ya Kombe la Dunia, na wakamaliza wa ine. Mwaka wa 1970 alienda Mexique kama kipa wa kusaidia, bila kucheza, akiwaonyesha vijana kazi, sawa vile Khomitch alimufanyia yeye. Tarehe 27 Mei 1971, watu karibu 100.000 walijaa kiwanja cha Moscou kumuaga. Wachezaji wakubwa wa dunia walikuwako: Eusébio, Bobby Charlton, Gerd Müller. Kabla mechi haijaisha, akatoka, akampa kijana Vladimir Pilgui goli lake. Alikuwa amecheza mechi 326 za ubingwa, zote na Dynamo, na kushinda ubingwa mara tano. Hakuwa na ekipe ingine maisha yote.

Deni la mwili

Mwili uliandika kila kitu. Miaka ya kiwanda, njaa ya vita, mapigo ya kiwanjani, na ile tumbako ya utoto yenye hakuiacha. Damu ikaanza kupita vibaya ku miguu. Mwaka wa 1984 wanganga wakamukata muguu mumoja. Aliendelea kuvuta. Mwezi wa 8 wa 1989 wakafanya sikukuu ya miaka yake 60, ku kiwanja cha Dynamo, na alitembea na fimbo mbele ya watu wenye walisimama wote. Kansa ya tumbo ilikuwa ndani tayari. Mwezi wa 3 wa 1990 serikali ikamupa medali ya Shujaa wa Kazi. Walimuletea nyumbani, juu hakuweza tena kutoka. Siku chache kisha, tarehe 20 Machi 1990, akafariki, na miaka 60.

Wandugu, angalieni jina la ile medali. Haikusema shujaa wa mupira, ilisema shujaa wa kazi. Alianza na medali ya kazi, alimaliza na medali ya kazi.

Siku ya yenga, ku viwanja vya vumbi vya Kolwezi, Likasi na Kipushi, tunaona kila mara namna watoto wanagawanya ekipe: mwenye hajui kucheza anatumwa ku goli, na bao likiingia wanamutukana. Yachine pia alitumwa pale, na bao lake la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Mutu mumoja alimuonyesha kazi kila jioni, na ekipe ikangojea miaka zaidi ya mbili. Baba mwenye anasoma hii gazeti, ukipita pembeni ya kiwanja na yule mudogo wa goli analia, simama dakika moja umuonyeshe namna ya kushika mupira.